Kiti cha Madam Felista

Madam Felista Maduhu alirudi kutoka semina ya wiki tatu Dodoma akiwa na mbinu saba za kutibu huzuni. Saba kamili. Zilikuwa kwenye faili la kijani, kila mbinu na karatasi yake ya rangi pembeni, na alipoliweka mezani pale ofisini Tunduma alilifuta vumbi ambalo halikuwepo. Akaniambia, "Yunisi, sasa watu wa Songwe watapona." Nikasema amina, maana maji ya chai yalikuwa yameshachemka.

Mimi ni mhudumu wa ofisi hiyo ya ushauri nasaha. Nafagia, nachemsha chai, naandika majina ya wateja kwenye daftari. Shirika lenyewe silitaji kwa sababu bado linanilisha. Ofisi ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa ubao mwembamba: upande mmoja Madam na mteja, upande wa pili mimi na birika. Kwa hiyo siri za wateja wetu hutunzwa na watu wawili, yeye aliyekula kiapo na mimi ambaye sikuapishwa.

Madam ni mzaliwa wa Kamsamba, kule bondeni Momba, binti wa wafugaji waliohama na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Baba yake, Mzee Maduhu, alimsomesha mpaka chuo, jambo ambalo majirani walimcheka nalo. Kisha akamwoza kwa Jastin, wakala wa mizigo hapa mpakani, kijana wa suti na simu mbili. Ndoa ilidumu miaka minne. Madam alipofungasha vyake na kuondoka, Mzee Maduhu alitangaza kwamba hana binti tena, na binti akajibu kwamba hana baba, na hivyo wamekaa miaka tisa bila hata salamu. Katika miaka hiyo hiyo tisa Madam amepatanisha wazazi na watoto wao kiasi cha kujaza madaftari matatu. Mganga hajigangi, na mimi nilikuwa nalisema hilo nikiosha vikombe, kwa sauti ya kutosha kupenya kwenye ubao.

Basi tukaanza kutibu. Mbinu ya kwanza ilikuwa ya fikra na tabia. Alikuja Agnes, muuza mchele, analia kwamba mume wake ana mke mwingine Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Madam akamwambia kwa upole kwamba hilo ni wazo tu, na wazo si ukweli. Akampa jedwali akaandike nyumbani, wazo upande huu, ushahidi upande ule. Agnes ni mtu wa kutii. Wiki iliyofuata alirudi na ushahidi: mwanamke mwenyewe wa Nakonde, na mtoto mgongoni mwenye masikio ya mume wa Agnes, yale yale yaliyosimama. Wote wawili wakaketi wakisubiri. Madam alifungua faili kutafuta hatua inayofuata, lakini semina haikufika huko. Nikawapa chai wote, na mtoto nikampa andazi.

Mbinu ya pili ilikuwa ya kumsikiliza mteja na kumrudishia maneno yake. Huyo alikuwa Clever, mfanyabiashara Mzambia wa ng'ambo ya mpaka. "Mulishani, Madam," akasalimia kwa kwao. "Rafiki yangu amenikimbia na mzigo, sipati usingizi."

"Nasikia unasema rafiki amekukimbia na hupati usingizi."

"Ndiyo, Madam."

"Nasikia unakubali."

Clever alivumilia saa nzima. Alipotoka aliniinamia akaniuliza kama Madam ana tatizo la masikio, na kama shirika linaweza kumtafutia daktari.

Mbinu ya tatu nisingeitaja kama isingetokea mbele yangu. Mnasihi anamuuliza mteja: tuseme umelala, na ukiwa usingizini muujiza umetokea, shida yako imekwisha, ukiamka utajuaje? Swali zuri, bila shaka, huko lilikotungwa. Madam alimuuliza mama mmoja wa kanisa la maombezi. Alipofika kwenye neno muujiza, yule mama aliruka kutoka kitini, akapiga kelele "Napokea!" na akaanguka kifudifudi. Jumatatu alirudi kwa hasira kwamba muujiza haujafika, anataka kuonana na mkubwa wa Madam, yule aliyeutuma.

Nilicheka sana mwezi ule. Ndipo akaja Gwantwa, na kicheko kikaniishia.

Aliletwa na shemeji yake, Asajile, fundi pikipiki hapa mjini. Gwantwa alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na mtoto mmoja, Ipyana. Mume wake, Aliko, alikuwa dereva wa lori, na miezi mitatu kabla lori lake lilipinduka upande wa Zambia, kabla ya kufika Isoka. Walimzika kwao Ibaba, juu kule Ileje. "Tangu msiba huyu hasemi," Asajile akaeleza. "Na baba yetu, Mzee Yesaya, huko Ibaba siku hizi hali chakula. Anakunywa maji tu na uji vijiko viwili akilazimishwa. Nimemleta huyu mjini labda mtamsaidia. Mzee amekataa kushuka."

Madam akafungua faili. Jedwali la mawazo Gwantwa alilirudisha tupu, safi, hata kukunja hakukunja. Mbinu ya pili ilimshinda Madam mwenyewe, maana mtu asiyesema utamrudishia nini? Nilimsikia akijaribu: "Nasikia unanyamaza." Akaja na mbinu ya nne, ya kupumua kwa kuhesabu. Gwantwa akapumua. Alikuwa anapumua hata kabla ya kuja. Mbinu ya tano ilichimba utoto wake, na utoto nao ukanyamaza.

Siku hiyo ya tano alipotoka nilimvutia kigoda karibu na jiko langu nikampa chai ya tangawizi. Sina mbinu yoyote, jamani. Nilimuuliza tu kwa Kindali, lugha ya Ileje, ni wa ukoo gani, kwa kuwa mimi pia ni wa huko. Akanitazama. Akaniambia ukoo. Akaniambia jina la mto wao. Kisha akaniambia na mengine, akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

Mchana wa siku ile ya ajali Mzee Yesaya alimpigia mwanawe simu: Jumapili Ipyana anabatizwa, uwepo. Aliko akakataa. Alisema amechoka, macho yanafumba, atalala njiani, baba amsamehe. Mzee akakubali. Halafu Gwantwa naye akapiga. Alilia. Alimwambia kwamba akisimama kanisani peke yake na mtoto, mawifi watamcheka mpaka azeeke. Aliko akasema basi, nyamaza, nakuja. Hakuna aliyeijua simu hiyo ya pili. Mzee Yesaya alijua tu kwamba mwanawe alikataa, kisha akakutwa amekufa njiani akija. Akaamini kwamba mtoto alijirudi kwa sababu ya kumtii baba. Wanakijiji nao walimsaidia kuamini, kwa maana wanakijiji wetu ni wakarimu sana kwa mambo ya namna hiyo. Kwa hiyo mzee aliamua kumfuata mwanawe polepole, kwa njaa.

"Nikisema watanifukuza, na Ipyana watabaki naye," Gwantwa akaniambia. "Nisiposema, baba anakufa. Na hata nikitaka, dada, nitamwambiaje? Wewe unajua."

Nilijua. Na nilikaa na hilo wiki tano. Asajile alikuwa anakuja na habari kwamba mkanda wa mzee umetobolewa tundu jipya, kisha tundu lingine, na mimi nilikuwa nasuuza vikombe. Nilijiambia siri si yangu. Nilijiambia pia kwamba katika ofisi ile hakuna aliyewahi kumuuliza mhudumu kitu zaidi ya sukari iko wapi, na neno hilo lilinipa utamu fulani moyoni. Nilikosa. Mzee wa watu anakauka, na mimi nanuna.

Mwishowe Madam mwenyewe aliamua kwenda Ibaba, na hapo nilimheshimu, maana angeweza kuandika kwenye fomu kwamba mteja hashirikiani. Alitaka kutumia mbinu ya sita na ya saba kwa mpigo. Ya sita ni kuketisha familia yote kwenye duara, wanatazamana, wanasema. Ya saba ni kiti kitupu: mwenye huzuni anaketi mbele ya kiti ambacho hakikaliwi, anamwambia marehemu yaliyobaki moyoni. Semina ilisisitiza kwamba kiti kiwe kigeni, kisiwe cha nyumbani. Kwa hiyo tulibeba cha ofisi, cha plastiki, cha bluu, chenye namba ya shirika mgongoni. Kutoka Itumba tulipanda bodaboda tatu. Madam alibeba faili, Gwantwa alibeba mtoto, nami nikapanda milima ya Ileje nimekumbatia kiti, na kila tuliyempita shambani aliacha kupalilia viazi ili anitazame vizuri.

Tulipofika Madam alitandika mikeka sebuleni mwenyewe. Alimketisha Gwantwa upande mmoja, mama mkwe pembeni, na upande wa pili, uso kwa uso na Gwantwa, akaacha nafasi ya mzee. Nilifungua mdomo. Madam akasema, "Yunisi, tafadhali, maji ya kunywa," nikaufunga.

Asajile, aliyetutangulia kijijini na kudhani Gwantwa yuko jikoni, akamleta baba yake. Mzee Yesaya alikuwa mrefu, koti linaning'inia. Alipoinama mlangoni tu, Gwantwa alijifunika kitenge kichwa kizima, akaruka sufuria, akatokea mlango wa nyuma na kupotelea kwenye viazi. Mzee naye, aliyekuwa hata kijiko hawezi kuinua, aligeuka kwa kasi ya ajabu akaelekea zizini. Duara likabaki na Madam, mama mkwe na kikombe cha maji.

Madam alinivuta pembeni, macho yamemtoka. "Umeona? Huyu binti ana hofu kubwa. Huyu mzee amemfanyia kitu." Akaandika kwenye faili, nikasoma begani kwake: dalili za ukatili. Kisha akatoa simu apigie dawati la jinsia polisi. Mtandao wa Ibaba, Mungu aubariki, siku hiyo haukuwepo. Alipanda juu ya tofali, akainua simu, akazunguka. Nikaona mzee atakufa kwa njaa akiwa mahabusu.

"Madam, shuka hapo," nikasema. "Hajamfanya kitu. Ni mkwe wake."

"Najua ni mkwe wake!"

"Hujui. Huku mkwe na baba mkwe hawatazamani. Hawakai chumba kimoja, hawatajani majina, wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Tangu siku ya harusi mpaka siku ya kaburi. Hiyo uliyoiona ni heshima. Ulichotaka wafanye ni aibu ambayo hata mlevi hafanyi."

Alibaki juu ya tofali. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Umeniomba maji." Nilitaka kuendelea na ukali, nilikuwa nao wa kutosha, lakini nililiona lile koti likining'inia kule zizini, machozi yakanitoka. "Kuna neno Gwantwa analo, na mzee anakufa kwa kulikosa. Siwezi kulisema mimi, ni lake. Nimelijua wiki tano, Madam. Nisamehe."

Nilitegemea anifokee. Alishuka, akaketi juu ya tofali lile lile, akafunga faili. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakunirudishia maneno yangu. Baadaye akauliza, "Kama mkwe ana shida, na nyumbani yuko mzee peke yake, wanasemezanaje?"

"Kupitia mtoto. Kama mtoto hayupo, anakiambia kitu chochote kilicho karibu. Anasema, mtungi, mwambie baba chakula tayari. Mzee yuko nyuma ya ukuta, anausikia mtungi."

Madam akageuka akakitazama kile kiti cha bluu.

Tukapanga upya, na safari hii nilikuwa naulizwa. Gwantwa, niliyemtoa kwenye viazi, aliketi chini jikoni, kitenge kichwani. Kiti kikawekwa mbele yake, karibu na mlango. Mzee Yesaya akaketi nje juu ya gogo, mgongo wake kwenye ukuta wa jiko. Kila kitu kilikuwa tayari alipotokea Nathanaeli, mzee wa kanisa na jirani, aliyesikia kuna wageni. Aliona wanawake wako chini na kiti kizuri hakina mtu. Alishukuru kwa heshima aliyoandaliwa, akakikalia, akafungua maombi. Aliombea mvua, mbolea, wajane, wagonjwa na viongozi wa kata. Madam alikuwa anatazama saa. Asajile ndiye aliyetuokoa, alimwomba Nathanaeli akamtazamie ng'ombe anayechechemea, na walipofika zizini ng'ombe hakuna anayechechemea, lakini Nathanaeli alipata mmoja.

Tukasikia mzee akikohoa nje. Gwantwa akasema kwa Kindali, na mimi nikawa namnong'oneza Madam.

"Kiti, mwambie baba chakula hakijaiva." Akavuta kitenge. Akaanza tena. "Kiti, mwambie baba kwamba Aliko hakuja kwa ajili yake. Baba alimwita, akakataa. Alikuwa anakwenda kulala. Mimi ndiye nilimpigia tena. Mimi nililia. Niliogopa kuchekwa, kiti, nikamwamsha mtu aliyechoka. Mwambie baba ale. Mwambie simu iliyomuua ni ya kwangu."

Mama mkwe, aliyekuwa karibu na mafiga, alijishika mdomo. Nje hakukuwa na sauti hata ya kikohozi. Nikamwona Madam anafungua kinywa, na nikajua kabisa atasema "Nasikia". Nikamfinya paja. Akakifunga.

Hatimaye mzee akasema, kwa sauti kavu. "Kiti."

Tukangoja.

"Kiti, mwambie mkwe wangu nimesikia. Mwambie tulimwita wawili. Mimi nilianza, yeye akamalizia. Asibebe mzigo huu peke yake, ni mzito, mimi nimeshindwa." Akapumzika. "Mwambie asiondoke hapa. Aliko alikuwa anakuja kwa mtoto wake, na mtoto yuko hapa. Na kiti, ukimaliza kumwambia hayo, muulize kama uji upo."

Gwantwa alipika uji mwenyewe. Unga ulimwagika jikoni kote, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu mama mkwe alikuwa analia, Madam alikuwa analia, nami nilikuwa nasingizia moshi. Ulipoiva aliuweka juu ya kiti akajitenga. Mzee akazunguka akauchukua. Akanywa bakuli zima akiwa ametugeuzia mgongo.

Tulipokuwa tunateremka Madam alikiri kwangu kwamba kwa mujibu wa semina pale mwisho wangepaswa kukumbatiana. Nilimwambia kwamba angesema hilo, mimi ningemsukuma kwenye korongo la kwanza. Alicheka mpaka dereva wa bodaboda akasimama. Kiti hatukurudi nacho. Madam alipokishika ili tuondoke, mama mkwe alikishika upande wa pili.

Asajile hutuletea habari. Mzee amefunga mkanda kwenye tundu lake la zamani. Gwantwa yuko Ibaba, analima viazi, na kiti kiko mlangoni mwa jiko kikifanya kazi kuliko wafanyakazi wote wa shirika letu. "Kiti, mwambie mkwe chumvi imezidi." "Kiti, mwambie baba ale hivyo hivyo." Siku nyingine, anasema Asajile, mzee hukaa pale na kukiambia kiti habari za utoto wa Aliko, saa nzima, na ndani Gwantwa anamenya viazi taratibu ili visiishe.

Kwenye fomu ya Dodoma, penye mbinu iliyotumika, Madam aliandika: kiti kitupu. Penye changamoto akaandika: nilikuwa sijui niulize nani. Walimpongeza kwa barua, kisha wakatuma barua ya pili kuuliza kiti namba nne kiko wapi.

Akanituma sokoni ninunue kingine. Nilipofika mlangoni akaniita. "Yunisi. Nunua viwili."

Kimoja kiko ofisini. Kingine alikifunga Jumamosi nyuma ya bodaboda, kwa kamba ya katani, yeye mwenyewe, akiwa amevaa gauni la kanisani. Nikamuuliza anakwenda nacho wapi. Akasema Kamsamba.

"Kwani Madam, kwenu Wasukuma nako binti haongei na baba yake?"

Alivuta kamba, ikalegea, akaivuta tena. "Wanaongea," akasema. "Ni mimi."

Nikamshikia kiti, akafunga fundo.